Leonhard Euler na Njia Mbili za Kutazama Maji Yaendayo

Mwalimu wa shule ya msingi anapofika kwenye somo la maji na mwendo wake, mara nyingi huwauliza watoto: maji ya mto huu yanakwenda kasi gani? Swali hilo huonekana jepesi, lakini ndani yake mna maswali mawili. Mtoto mmoja anaweza kusimama ukingoni, akakazia macho mahali pamoja, akaeleza kasi ya maji yapitayo hapo. Mwingine anaweza kuchagua jani moja lieleapo, akalifuata kando ya mto, akaeleza jinsi mwendo wa jani hilo ulivyobadilika njiani. Wote wawili wametazama mto uleule, na wote wawili wanaweza kuwa wamesema kweli, ingawa majibu yao hayafanani. Mwalimu asiyeijua tofauti hiyo atamkosoa mmoja wao bila haki.

Katika makala haya tutasimulia maisha ya mtu aliyezitia njia hizo mbili za kutazama katika lugha ya hisabati, yaani Leonhard Euler. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yake juu ya mwendo wa maji na hewa ndiyo msingi wa elimu hiyo hata leo. Pili, habari za jinsi alivyofundishwa, na jinsi yeye mwenyewe alivyowafundisha wengine, zina faida kubwa kwa mwanachuo ajiandaaye kuwa mwalimu.

Utoto na Masomo

Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili 1707 katika mji wa Basel, nchini Uswisi. Baba yake, Paulus Euler, alikuwa mchungaji wa kanisa, na mama yake, Marguerite Brucker, alikuwa binti wa mchungaji. Muda mfupi baada ya kuzaliwa kwake, jamaa hiyo ilihamia Riehen, kijiji kilicho karibu na Basel. Baba ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza wa hesabu. Mchungaji huyo alikuwa amesikiliza mihadhara ya mwanahisabati Jakob Bernoulli alipokuwa mwanafunzi, naye hakuiacha elimu hiyo ilale. Hili lilikuwa jambo la bahati, kwa maana shule aliyopelekwa mtoto baadaye mjini Basel haikufundisha hisabati.

Mwaka 1720, akiwa na umri wa miaka 13, Euler aliingia Chuo Kikuu cha Basel. Hapo alikuwapo Johann Bernoulli, mdogo wake Jakob, aliyehesabiwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa kabisa wa Ulaya wakati huo. Euler alimwomba amfundishe peke yake, naye Bernoulli akakataa, kwa kuwa shughuli zake zilikuwa nyingi. Lakini hakumfukuza. Alimpa orodha ya vitabu vigumu avisome mwenyewe, akamruhusu kufika nyumbani kwake kila Jumamosi alasiri ili amweleze mambo yaliyomshinda. Kijana aliona haya kwenda na maswali mengi, kwa hiyo juma zima alijitahidi kuyatatua mwenyewe. Mara nyingi, jambo moja lililomtatiza likishafunguliwa, mengine kumi yalifunguka papo hapo.

Tungependa mwanachuo alitafakari jambo hili. Bernoulli hakumpa mwanafunzi wake majibu, wala hakumwacha apotee. Alimpa kazi iliyomzidi nguvu kidogo, akampa na siku maalumu ya kusaidiwa. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa kufundisha kwa kumwachia mwanafunzi atende.

Baba alitaka mwanawe awe mchungaji kama yeye, na ikabidi Bernoulli amsihi amwache afuate hisabati. Mwaka 1727 Euler alishiriki katika shindano la Akademia ya Sayansi ya Paris juu ya namna bora ya kupanga milingoti ya meli, ingawa alikuwa amekulia katika nchi isiyo na bahari. Hakushinda tuzo ya kwanza, lakini insha yake ilitajwa kwa heshima. Mwaka huohuo aliomba kazi ya kufundisha fizikia chuoni Basel, asipewe. Basi akafunga safari kwenda Urusi.

Petersburg

Euler alifika Petersburg mwezi Mei 1727, siku ileile alipofariki Malkia Katerina wa Kwanza. Akademia ya Sayansi ya mji huo ilikuwa changa, na kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba itavunjwa. Ikambidi kijana huyo atumike kama tabibu katika jeshi la majini la Urusi hadi mwaka 1730, alipofanywa profesa wa fizikia. Rafiki yake mkubwa huko alikuwa Daniel Bernoulli, mwana wa mwalimu wake. Daniel aliporudi Basel mwaka 1733, Euler alishika nafasi yake ya kuongoza hisabati. Mwaka 1734 alimwoa Katharina Gsell, binti wa mchoraji wa picha. Walipata watoto 13, nao ni watano tu waliopita umri wa utoto.

Mambo mawili ya miaka hiyo yanahusu makala yetu. La kwanza ni kwamba Euler aliandika kitabu cha hesabu kwa ajili ya wanafunzi wa shule ya Akademia, kilichotoka katika sehemu mbili mwaka 1738 na 1740. Mtu aliyekuwa akitatua maswali yaliyowashinda wakubwa wa Ulaya hakuona ni aibu kueleza kujumlisha na kugawanya. La pili ni kitabu cha rafiki yake Daniel Bernoulli juu ya nguvu na mwendo wa maji, kilichochapishwa mwaka 1738. Daniel aliyatazama maji ya bomba kama mkate uliokatwa vipande, akachukulia kwamba chembe zote za kipande kimoja huenda kwa kasi moja. Njia hiyo ilitoa majibu mazuri kwa bomba lililonyooka. Lakini mto una kona, mawe na vizingia, na hapo chembe mbili zilizo jirani huenda mwendo mbalimbali. Hapana budi mtu aingie ndani zaidi, hadi kwenye tone mojamoja.

Katika miaka hiyohiyo Euler aliugua sana, na kufikia mwaka 1738 jicho lake la kulia lilikuwa karibu limepofuka. Hakupunguza kazi.

Berlin na Chemchemi ya Mfalme

Mwaka 1741 Euler alihamia Berlin kwa mwaliko wa Mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia, akakaa huko miaka 25. Mfalme alipenda watu wenye maneno matamu na mizaha ya kiungwana. Euler alikuwa mtu wa dini, mtulivu, asiyejua kujipendekeza, na mfalme alimdhihaki hata kwa jicho lake.

Katika bustani ya jumba lake la Sanssouci, karibu na Potsdam, mfalme alitaka iwepo chemchemi ya kurusha maji juu sana. Maji yalipaswa kusukumwa kutoka Mto Havel hadi kwenye bwawa lililojengwa juu ya kilima, kisha yateremke kwa nguvu bustanini. Mafundi walitumia mabomba ya mbao, nayo yakapasuka. Euler alipoulizwa mwaka 1749, alionyesha kwa hesabu kwamba maji yanaposukumwa na pampu huibana bomba kwa nguvu kubwa kuliko yanapotulia, akashauri mabomba yawe imara kiasi hicho. Ushauri huo haukufuatwa ipasavyo, na fedha zilitumika kidogo mahali zilipohitajiwa nyingi. Miaka mingi baadaye mfalme alimwandikia Voltaire akiitupia lawama hisabati ya Euler. Kwa muda mrefu watu walisimulia kisa hicho ili kuonyesha kwamba wasomi hawajui kazi za mikono, hali kisa chenyewe chaonyesha kinyume chake. Chemchemi hiyo ilirusha maji kama ilivyokusudiwa mwaka 1842, ilipowekewa mashine ya mvuke.

Njia Mbili Zaelezwa

Mwaka 1755 Euler aliwasilisha katika Akademia ya Berlin maandishi yake makubwa juu ya mwendo wa maji na hewa, yaliyochapishwa mwaka 1757. Fikra yake kuu tunaweza kuieleza bila alama za hisabati ya juu.

Tuchukue mfereji wenye upana wa mita 1 na kina cha sentimita 20, ambamo maji yanakwenda sentimita 20 kwa kila sekunde. Maji yapitayo kwa sekunde moja ni sentimita 100 mara 20 mara 20, yaani sentimita za ujazo 40,000, ambazo ni lita 40. Mbele kidogo mfereji unakuwa mwembamba, upana wake ukiwa nusu mita, na tuseme kina hakibadiliki. Maji hayapotei wala hayazaliwi njiani, kwa hiyo lita 40 zilezile lazima zipite penye wembamba kila sekunde. Hilo haliwezekani ila kasi ikiwa sentimita 40 kwa sekunde.

Sasa tumweke mtoto mmoja, Asha, penye upana, na mwingine, Juma, penye wembamba. Asha anapima kasi asubuhi, adhuhuri na jioni, na kila mara anapata 20. Juma naye kila mara anapata 40. Kila mmoja, akiulizwa kama mwendo wa maji unabadilika, atajibu kwamba haubadiliki. Lakini jani lililopita kwa Asha likafika kwa Juma limeongeza kasi maradufu! Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mahali pote pametulia katika hali yake, hali kila tone lipitalo linabadilika.

Euler aliona kwamba badiliko la kasi ya tone lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hutokea kwa sababu wakati umepita mahali palepale, kama vile mvua inaponyesha milimani na mto mzima kuongeza mwendo. Sehemu ya pili hutokea kwa sababu tone limehama kutoka mahali penye kasi ndogo kwenda penye kasi kubwa. Mtu akizijumlisha sehemu hizo mbili, hupata badiliko kamili la mwendo wa tone. Kisha Euler akauliza: nani amelisukuma tone hilo? Kwa kanuni ya Newton, hakuna kitu kiongezacho kasi pasipo nguvu. Jibu lake ni kwamba tone husukumwa na tofauti ya kani baina ya maji yaliyo nyuma yake na yaliyo mbele yake, pamoja na uzito wake lenyewe. Milinganyo aliyoandika kueleza hayo bado inaitwa kwa jina lake. Maji aliyoyahesabu hayakuwa na msuguano wa ndani, ule ufanyao asali itiririke polepole. Upungufu huo ulikuja kujazwa katika karne ya 19, kwanza na Navier mwaka 1822, kisha na Stokes mwaka 1845.

Njia ya Asha na Juma, ya kusimama mahali na kutazama yapitayo, huitwa njia ya Euler. Njia ya kulifuata jani huitwa njia ya Lagrange. Lakini mwanachuo asidhani kwamba wakubwa hao wawili walikuwa wakishindana, kila mmoja na njia yake. Euler alizitumia zote mbili, na Lagrange vilevile. Hata njia ya kusimama ilikuwa imekwisha kutumiwa na Mfaransa d'Alembert katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1752. Majina hayo ni desturi iliyokuja baadaye.

Euler na Lagrange

Joseph-Louis Lagrange alizaliwa Turin, Italia, mwaka 1736. Mwaka 1755, akiwa kijana wa miaka 19, alimwandikia Euler kumweleza njia mpya aliyoigundua ya kutatua aina fulani ya maswali. Maswali hayo Euler alikuwa ameyashughulikia kwa miaka mingi, kwa njia ndefu zaidi. Euler angeweza kunyamaza, au kuharakisha kuchapisha ya kwake. Badala yake alimsifu kijana huyo, akazuia maandishi yake mwenyewe ili Lagrange apate kuchapisha kwanza na heshima yote iwe yake. Euler alipoondoka Berlin mwaka 1766, Lagrange ndiye aliyeshika nafasi yake. Kitabu kikubwa cha Lagrange juu ya elimu ya mwendo kilitoka Paris mwaka 1788, na ndani yake njia zote mbili za kueleza mwendo wa maji zimepangwa kwa utaratibu.

Mwalimu Asiyeona

Kati ya mwaka 1760 na 1762 Euler alimfundisha kwa barua binti wa ukoo wa kifalme wa Prussia. Barua hizo, zaidi ya 200, zinaeleza sauti, mwanga, uzito, sayari na kanuni za kufikiri, karibu bila alama za hisabati. Zilichapishwa Petersburg kati ya mwaka 1768 na 1772, zikatafsiriwa katika lugha nyingi. Humo Euler huanza na jambo ambalo msomaji amekwisha kuliona kwa macho yake, kisha humwongoza hatua kwa hatua hadi kwenye kanuni.

Mwaka 1766 alirudi Petersburg kwa mwaliko wa Malkia Katerina wa Pili. Muda si mrefu mtoto wa jicho uliharibu jicho lake la kushoto. Alipasuliwa mwaka 1771, akaona kwa siku chache, kisha giza likarudi. Mwaka huohuo moto uliteketeza nyumba yake, naye akaokolewa na fundi mmoja mwenyeji wa Basel aliyemtoa nje. Mwaka 1773 mkewe akafariki.

Mtu mwingine angekoma kuandika. Euler alifanya hesabu kichwani na kuwasomea wasaidizi wake waandike, miongoni mwao mwanawe Johann Albrecht na kijana Nicolas Fuss aliyetoka Basel. Karibu nusu ya maandishi yake yote, ambayo idadi yake yapita 800, ni ya miaka hiyo ya upofu. Kitabu chake cha aljebra, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1770, alimsomea mtumishi aliyekuwa amejifunza ushonaji wa nguo na asiyejua hisabati. Inasemekana kwamba kitabu kilipokwisha, mshonaji huyo aliweza kutatua maswali ya aljebra mwenyewe. Mwandishi alipokuwa akieleza, mwanafunzi alikuwa mbele yake, na bila shaka hiyo ni sababu mojawapo ya uwazi wa kitabu hicho.

Euler alifariki tarehe 18 Septemba 1783, akiwa na umri wa miaka 76. Siku hiyo alikuwa amemfundisha mjukuu wake, akafanya hesabu za kupaa kwa maputo, akazungumza na wenzake juu ya njia ya sayari Uranus, iliyokuwa imegunduliwa mwaka 1781. Jioni, akiwa na mjukuu wake, alipatwa na kiharusi.

Matumizi Katika Somo

Njia zote mbili zinatumika hadi leo. Kituo cha hali ya hewa husimama mahali pamoja na kupima upepo upitao. Baharini, maelfu ya maboya huchukuliwa na mikondo na kutoa habari za safari yao. Mjenzi wa daraja huuliza kasi ya maji mahali pa nguzo zake, kwa hiyo husimama kama Asha. Mwanakijiji atakaye kujua uchafu uliotupwa juu ya mto utafika lini penye kisima chao hana budi kulifuata jani.

Mwanachuo aweza kulifundisha jambo hili kwa mfereji, mawe, majani makavu, kamba yenye alama za mita na saa moja. Mfereji ubanwe kwa mawe mahali pamoja. Kundi la kwanza lisimame penye upana na penye wembamba, lipime muda jani linaotumia kukata nusu mita ya kamba. Kundi la pili lifuate jani moja tangu mwanzo hadi mwisho na kuandika saa katika kila alama. Makundi yakirudi darasani, mwalimu asitangaze nani amepatia. Awaulize kwa nini kundi moja linasema mwendo haubadiliki na jingine linasema umebadilika. Watakumbushwa pia kwamba jani huelea juu, na maji ya chini karibu na udongo huenda polepole zaidi, hivyo kasi ya jani si kasi ya maji yote.

Mwisho, tunaona fikra hii inafaa hata nje ya Sayansi. Mwalimu wa Darasa la Tatu aweza kuona wastani wa alama ukiwa uleule kila mwaka, akasema kwamba hakuna kinachobadilika. Amesimama ukingoni, na alichosema ni kweli. Lakini kila mtoto aliyepita hapo aliingia akiwa hivi na kutoka akiwa vingine, na habari hiyo haimo katika wastani. Huipata yule tu aliyemfuata mtoto mmoja tangu Darasa la Kwanza, daftari kwa daftari. Shule yahitaji rejista za darasa, na yahitaji pia kumbukumbu ya kila mtoto. Na mwalimu anayeandaa ripoti yake ajiulize kwanza anajibu swali lipi kati ya hayo mawili.